Kati ya Korongo na Kitalu: Mbuni wa Kihansi na Dhana ya Kutoweka Porini katika Bonde la Kilombero

IKISIRI

Makala hii inafafanua dhana ya kutoweka porini, yaani hali ambapo spishi hubaki hai katika bustani, vitalu au mabanda ya binadamu peke yake, ilhali makazi yake ya asili hayana tena hata kiumbe mmoja wa spishi hiyo. Mfano mkuu ni mbuni wa Kihansi (Coffea kihansiensis), mmea wa kichaka wenye asili ya Korongo la Kihansi katika safu ya Udzungwa, kusini-magharibi mwa Ifakara. Mbuni huo haujafikia hali hiyo, lakini jirani yake wa korongo lilelile, chura wa Kihansi, aliifikia na akatangazwa rasmi mwaka 2009. Kwa kulinganisha viumbe hao wawili, na kwa kurejelea mimea ya maua ya nchi nyingine iliyobaki bustanini tu, makala inaonesha kitu ambacho kitalu kinaweza kukiokoa na kile ambacho hakiwezi. Hoja kuu ni kwamba kitalu ni bima yenye thamani endapo tu makazi ya asili yanaendelea kutunzwa. Kikigeuzwa kuwa mbadala wa makazi hayo, huhifadhi umbo la mmea na kupoteza sehemu kubwa ya uhai wake.

1.0 UTANGULIZI

Bonde la Kilombero hufahamika zaidi kwa mpunga, miwa, samaki na mafuriko ya kila mwaka. Mto Kilombero hukusanya maji kutoka milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za Mahenge upande wa kusini-mashariki, kisha huungana na Mto Luwegu na kuunda Mto Rufiji. Mwaka 2002 uwanda wa mafuriko wa Kilombero, wenye ukubwa wa takriban hekta 796,735, uliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Mji wa Ifakara uko katikati ya shughuli za bonde hilo, na kwa miongo mingi umekuwa pia kituo cha utafiti, hasa wa malaria na magonjwa mengine ya kitropiki.

Utajiri wa kibotania wa eneo hili haujulikani sana kama mpunga wake. Milima ya Udzungwa ni sehemu ya Tao la Mashariki, mfululizo wa milima ya kale inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia kusini mwa Tanzania. Misitu yake imepata unyevu kutoka Bahari ya Hindi kwa kipindi kirefu mno. Kwa sababu hiyo imehifadhi spishi nyingi ambazo hazipatikani mahali pengine popote. Baadhi yake huishi katika mlima mmoja tu, na chache huishi katika korongo moja tu. Mbuni wa Kihansi umo katika kundi hilo la mwisho.

Swali linaloongoza makala hii ni hili: endapo mmea wenye makazi finyu kiasi hicho ungebaki bustanini peke yake, je, ungekuwa umeokolewa? Swali hilo ni la vitendo. Korongo la Kihansi limo chini ya bwawa la umeme, na uamuzi kuhusu kiasi cha maji kinachoachwa kiteremke korongoni hugusa taa, viwanda na hospitali za nchi kwa upande mmoja, na uhai wa spishi nzima kwa upande mwingine.

2.0 DHANA YA KUTOWEKA PORINI

Umoja wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mazingira Asilia huandaa Orodha Nyekundu, ambamo kila spishi iliyotathminiwa hupangwa katika daraja kulingana na ukubwa wa hatari inayoikabili. Daraja la kutoweka porini huwekwa kati ya hatari kubwa mno ya kutoweka na kutoweka kabisa. Spishi huingizwa humo inapojulikana kuwa imesalia katika kilimo au katika kufugwa tu, au kama kundi lililozoea mahali palipo mbali na eneo lake la asili.

Fasili hiyo ina sharti zito. Haitoshi kwamba hakuna aliyeuona mmea kwa muda mrefu. Ni lazima utafutaji wa kina uwe umefanyika katika makazi yote yanayojulikana na yanayodhaniwa, kwa nyakati zinazofaa za siku na za mwaka, bila kupata hata mmoja. Tanzania yenyewe inatoa ushahidi wa ulazima wa sharti hilo. Mti wa Erythrina schliebenii, wenye maua mekundu, uliokusanywa katika ukanda wa Lindi miaka ya 1930, uliorodheshwa mwaka 1998 kuwa umetoweka kabisa. Miaka michache baadaye ulipatikana tena katika msitu wa Namatimbili, wilayani Kilwa, na wanabotania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaufikia tena katika miaka ya 2010. Kutangaza kutoweka mapema kuna madhara: msitu unaodhaniwa kuwa umekwisha kupoteza kilicho adimu hupoteza pia watetezi wake.

Kwa mtazamo wa uhifadhi, dhana hii huunganisha njia mbili za kulinda viumbe. Ya kwanza ni uhifadhi ndani ya makazi asilia, ambapo msitu, mto na udongo hulindwa pamoja na viumbe vyake. Ya pili ni uhifadhi nje ya makazi asilia, ambapo mbegu, miche au wanyama hutunzwa katika bustani za mimea, benki za mbegu na vituo vya kuzalishia. Spishi iliyotoweka porini ni ile ambayo njia ya kwanza imeshindwa kwake, na njia ya pili ndiyo pekee iliyobaki.

3.0 KORONGO LA KIHANSI NA MAJI YAKE

Mto Kihansi huanzia katika nyanda za juu za upande wa Iringa na kuteremka kwa kasi katika ukingo wa Udzungwa kabla ya kuingia katika Bonde la Kilombero. Katika umbali mfupi mto huo hushuka takriban mita 850. Kabla ya ujenzi wa bwawa, wastani wa mtiririko wake ulikuwa takriban mita za ujazo 16 kwa sekunde. Maji ya wingi huo yalipojipiga katika miamba yaligeuka manyunyu yasiyokatika usiku na mchana, kiangazi na masika. Kandokando ya maporomoko kulikuwa na ardhioevu ndogo zilizofunikwa na mimea laini iliyolowa daima, na pembeni yake msitu wa kijani kibichi uliopata ubaridi na unyevu wa korongo.

Mteremko huohuo ulikuwa hazina kwa wahandisi. Tanzania ya miaka ya 1990 ilikabiliwa na uhaba mkubwa wa umeme, ukame ulipopunguza maji katika mabwawa yaliyokuwapo na kusababisha mgawo. Mradi wa Kihansi ya Chini, uliogharimiwa kwa mikopo na misaada ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ulijengwa katika nusu ya pili ya muongo huo. Maji huchepushwa juu ya maporomoko, hupitishwa ndani ya mwamba na kuzungusha mitambo 3 yenye uwezo wa jumla ya megawati 180, kisha hurudishwa mtoni chini ya korongo. Kituo kilipoanza kazi kati ya mwaka 1999 na 2000, takriban asilimia 90 ya maji yaliyokuwa yakipita korongoni yaliondolewa.

Jambo lenye uzito kwa mtafiti ni mpangilio wa matukio. Uchunguzi wa kina wa viumbe wa korongo ulifanyika wakati ujenzi ulikuwa umekwisha kuanza. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996. Mimea nayo iliendelea kutambuliwa: Kihansia lovettii, mmea mdogo usio na rangi ya kijani unaotegemea kuvu wa udongoni kwa chakula, ulipewa jina la kisayansi mwaka 2003, na mbuni wa Kihansi mwaka 2004. Kwa maneno mengine, sayansi iliupa mbuni huo jina miaka minne hivi baada ya maji ya korongo lake kuchepushwa. Tathmini ya athari kwa mazingira haiwezi kupima hasara ya kitu ambacho bado hakina jina.

4.0 CHURA WA KIHANSI: FUNDISHO LA JIRANI

Chura wa Kihansi (Nectophrynoides asperginis) ni mdogo, hazidi urefu wa sentimita 3 hivi, na huzaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai. Makazi yake yote yalikuwa ardhioevu za manyunyu zenye ukubwa wa takriban hekta 2. Maji yalipochepushwa, ardhi hiyo ilikauka kwa haraka. Novemba 2000 vyura 499 walikusanywa na kupelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx jijini New York, na baadaye kundi jingine likatunzwa katika bustani ya Toledo, jimboni Ohio. Wakati huohuo, mfumo wa mabomba ya kunyunyizia ulijengwa korongoni ili kuiga manyunyu ya asili.

Mwanzoni mabomba yalileta matumaini. Kufikia katikati ya mwaka 2003 idadi ya vyura porini ilikadiriwa kuwa takriban 20,000. Katika miezi iliyofuata idadi hiyo iliporomoka ghafla, na mwezi Januari 2004 vyura 3 tu walionekana na wengine 2 walisikika wakilia. Kuporomoka huko kumehusishwa na kuvu wa kitridi anayeshambulia ngozi ya amfibia, na pia kumejadiliwa uwezekano wa mchango wa matope na viuatilifu vilivyoteremka bwawa liliposafishwa. Mwaka 2009 spishi hiyo iliorodheshwa kuwa imetoweka porini.

Kuishi kwao ugenini hakukuwa rahisi. Sehemu kubwa ya vyura waliochukuliwa walikufa katika miaka ya mwanzo, hadi watunzaji walipopata uwiano unaofaa wa mwanga, joto, unyevu na chakula. Agosti 2010 vyura 100 walirejeshwa nchini na kuwekwa katika kituo maalumu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Desemba 2012 zaidi ya vyura 2,000 walirudishwa korongoni, na urejeshaji mwingine ukafuata. Tukio hilo hutajwa kuwa mara ya kwanza kwa amfibia aliyetangazwa kutoweka porini kurejeshwa katika makazi yake.

Mafunzo matatu yanajitokeza. Kwanza, uokoaji ulifanikiwa kwa sababu vyura walichukuliwa walipokuwa bado wengi. Ukusanyaji ungesubiri hadi 2004, kusingekuwa na cha kukusanya. Pili, makazi bandia huhitaji miaka ya kujifunza, na gharama ya kujifunza hulipwa kwa uhai wa viumbe wenyewe. Tatu, vyura waliweza kurudi kwa sababu palikuwa na mahali pa kurudi: mabomba yaliendelea kufanya kazi na kiasi fulani cha maji kiliendelea kuachwa kipite korongoni hata baada ya chura wa mwisho kutoonekana tena.

5.0 MBUNI WA KIHANSI

5.1 Utambuzi na sifa

Mbuni wa Kihansi ulielezwa na wanabotania A. P. Davis wa Bustani ya Kifalme ya Mimea ya Kew, Uingereza, na E. F. Mvungi, pamoja na spishi nyingine ya mbuni wa Tao la Mashariki, Coffea bridsoniae. Jina lake la pili limetokana na mto na korongo ambamo ulipatikana. Ni mmea wa tabaka la chini la msitu, unaoishi katika kivuli cha miti mikubwa, na ni ndugu wa mibuni inayolimwa Kilimanjaro, Mbinga, Mbozi na Kagera.

Kama ilivyo kwa jenasi yote ya Coffea, majani yake huota mawili mawili yakielekeana, maua meupe huchipuka katika vikwapa vya majani, na tunda kwa kawaida huwa na mbegu mbili zilizolaliana upande wa ubapa. Mibuni ya porini huchanua kwa mpangilio unaofuata unyevu: vichipukizi hubaki vimelala wakati wa ukavu, kisha hufunguka pamoja baada ya mvua, na maua hudumu kwa siku chache tu. Mabadiliko ya unyevu wa msitu hayaishii katika kukausha majani. Yanaweza pia kuvuruga saa ambayo mmea hupatanisha nayo maua yake na wadudu wachavushaji.

5.2 Hali yake ya uhifadhi

Mbuni wa Kihansi huhesabiwa miongoni mwa mimea iliyo katika hatari kubwa mno ya kutoweka. Hatari hiyo ina vyanzo viwili. Cha kwanza ni ufinyu wa eneo: moto mmoja, maporomoko ya ardhi au ugonjwa mmoja unaweza kuigusa sehemu kubwa ya mimea yote iliyopo. Cha pili ni mabadiliko ya maji yaliyoelezwa katika sehemu ya 3.0, ambayo yamekwisha kuwa sababu ya kuchunguzwa kwa hali ya mbuni huo katika tafiti za baada ya bwawa.

Hali hii si ya Kihansi peke yake. Tathmini ya spishi 124 za mibuni iliyochapishwa mwaka 2019 na watafiti wa Kew ilionesha kuwa asilimia 60 kati yake zimo hatarini kutoweka, asilimia 45 hazikuwa katika mkusanyo wowote nje ya makazi yake, na asilimia 28 hazikujulikana kuwapo ndani ya eneo lolote lililohifadhiwa. Takwimu hizo zinahusu zao linalolisha mamilioni ya kaya, nyingi zikiwa Afrika Mashariki.

5.3 Thamani yake

Mbuni wa Kihansi haujawa zao la biashara. Thamani yake hutazamwa katika jenasi nzima. Mbuni wa arabika una uwanda finyu wa kinasaba na hushambuliwa kwa urahisi na kutu ya majani na chulebuni. Wakulima wa Kagera nao wameujua mnyauko fuzari katika mibuni ya robusta. Suluhisho la baadhi ya magonjwa hayo lilitoka kwa ndugu wa mmea. Chotara wa Timor, aliyetokana na kukutana kwa arabika na robusta shambani katika karne ya 20, ndiye chanzo cha ukinzani wa kutu ya majani katika aina nyingi za arabika zilizoboreshwa.

Mfano wa karibu zaidi ni Coffea stenophylla ya Afrika Magharibi. Mbuni huo haukuwa umeonekana porini nchini Sierra Leone tangu mwaka 1954, hadi ulipopatikana tena mwaka 2018. Utafiti wa mwaka 2021 ulionesha kuwa ladha yake inakaribiana na arabika ilhali unastahimili joto kubwa zaidi. Sifa hiyo isingegundulika kwa jani lililokaushwa hebariani pekee; ilihitaji mmea hai unaozaa. Hakuna anayeweza kusema leo kuwa mbuni wa Kihansi una sifa kama hiyo, na ndiyo maana kuupoteza kabla ya kuuchunguza ni hasara isiyoweza kukadiriwa.

6.0 MIPAKA YA KITALU

Kwa mtazamo wa haraka, kuokoa mmea ni kazi nyepesi kuliko kuokoa chura: huchukuliwa mbegu, huoteshwa, basi. Kwa mibuni mambo hayako hivyo, kwa sababu nne.

Sababu ya kwanza ni mbegu zenyewe. Mbegu za mtama au mpunga hukaushwa, hugandishwa na kuhifadhiwa kwa miongo mingi. Mbegu za mibuni hazivumilii ukavu na baridi kwa kiwango hicho, na hupoteza uwezo wa kuota ndani ya muda mfupi zikihifadhiwa kwa njia ya kawaida. Kuzigandisha katika nitrojeni ya kimiminika kumewezekana kwa baadhi ya spishi, lakini huhitaji vifaa na utaalamu mahususi. Kwa hiyo mibuni ya dunia hutunzwa zaidi ikiwa mimea hai shambani, kama ilivyo Kianjavato nchini Madagaska na Turrialba nchini Costa Rica. Shamba hai huhitaji ardhi, maji, palizi na mishahara kila mwaka. Mwaka mmoja wa bajeti kukosekana unaweza kufuta kazi ya miaka 30.

Sababu ya pili ni uchavushaji. Arabika huweza kujichavusha yenyewe, lakini spishi nyingi za mibuni haziwezi: chavua ya mmea haiwezi kurutubisha maua ya mmea uleule. Kichaka kimoja bustanini, au vichaka 20 vilivyozalishwa kwa vikonyo kutoka kichaka kimoja, vinaweza kuchanua kila mwaka bila kutoa mbegu hata moja yenye uhai. Mtazamaji ataona maua na kudhani kuwa spishi ipo salama.

Sababu ya tatu ni mchanganyiko wa nasaba. Spishi kadhaa zikipandwa karibu, nyuki hawasomi vibao vya majina. Mbegu inayopatikana inaweza kuwa chotara, na baada ya vizazi viwili au vitatu mmea wenye jina la Kihansi ungekuwa si wa Kihansi tena. Ndiyo maana mibuni adimu haifai kutunzwa kando ya mashamba ya robusta bila kutenga maua na kuchavusha kwa mkono.

Sababu ya nne ni uteuzi usiokusudiwa. Kitalu hupendelea mche unaovumilia jua, mbolea na umwagiliaji wa ratiba. Miche isiyoweza hufa kimyakimya, na pamoja nayo hufa uwezo wa kuishi kivulini penye manyunyu ya kudumu. Mmea unaofuzu kitaluni unaweza kushindwa korongoni.

7.0 MIMEA YA MAUA ILIYOBAKI BUSTANINI: MIFANO YA KULINGANISHA

Historia ya botania ina mifano mashuhuri ya mipaka hiyo. Franklinia alatamaha, mmea wenye maua meupe yenye moyo wa manjano, ulionwa na John Bartram na mwanawe William mwaka 1765 kando ya Mto Altamaha, jimboni Georgia, Marekani. Mbegu zilichukuliwa na kuoteshwa Philadelphia. Mara ya mwisho kuonekana porini ilikuwa mwaka 1803. Mimea yote iliyopo leo hutokana na mkusanyo wa familia hiyo. Spishi imeishi zaidi ya karne mbili bila makazi, lakini kwa akiba ndogo ya nasaba na bila pori la kurudia.

Mfano wa pili una undugu wa karibu zaidi na mbuni. Ramosmania rodriguesii, mmea wa familia ya mibuni kutoka kisiwa cha Rodrigues katika Bahari ya Hindi, ulidhaniwa kuwa umetoweka hadi kichaka kimoja kilipopatikana karibu na mwaka 1980. Vikonyo vilipelekwa Kew mwaka 1986, vikaota mizizi na kuchanua kwa wingi. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 15 havikutoa mbegu, hadi mtaalamu wa bustani hiyo alipofanikiwa kuvichavusha kwa mkono mwanzoni mwa miaka ya 2000. Baada ya hapo miche iliyotokana na mbegu iliweza kurudishwa kisiwani. Mmea mmoja uliobaki uligharimu karibu miongo miwili ya kazi, na hata mafanikio hayo hayakurejesha nasaba za vichaka vilivyokwisha kukatwa.

Mfano wa tatu unatoka Amerika Kusini. Spishi zote za Brugmansia, vichaka vyenye maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, zimeorodheshwa kuwa zimetoweka porini. Hata hivyo hupandwa kote duniani, na katika nyanda za juu za Afrika Mashariki huonekana kwenye nyua na kando ya nyumba za zamani. Mmea unaweza basi kuwa wa kawaida uani na usiwepo kabisa porini. Tanzania ina mfano unaokaribia huo: Saintpaulia ya Usambara, iliyopelekwa Ujerumani kutokana na ukusanyaji wa Walter von Saint Paul-Illaire mwaka 1892, imekuwa ua la vyungu vya mamilioni ya nyumba, ilhali ndugu zake wengi wa porini wamo hatarini katika mabaki ya misitu ya Tao la Mashariki. Umaarufu wa bustanini haukununua hata ekari moja ya msitu kwa ajili yao.

8.0 MASHARTI YA KITALU CHENYE MANUFAA

Kutokana na ulinganisho huo, uhifadhi wa mbuni wa Kihansi nje ya makazi yake ungekuwa na manufaa endapo masharti yafuatayo yatatimizwa.

(a) Ukusanyaji ufanyike mapema, kutoka kwa mimea mingi iwezekanavyo na kutoka sehemu mbalimbali za korongo, bila kuondoa kiasi cha mbegu kinachohitajika kwa uotaji wa asili.

(b) Kila mche uwe na kumbukumbu ya mmea mama, mahali ulipotoka na tarehe ya kukusanywa. Mche usio na kumbukumbu hauwezi kutumika kurejesha spishi.

(c) Mkusanyo utunzwe katika zaidi ya kituo kimoja, na angalau kimoja kiwe ndani ya nchi katika mazingira yanayofanana na ya Udzungwa.

(d) Mimea itengwe na mibuni mingine wakati wa kuchanua, ili mbegu zibaki za spishi moja.

(e) Wakazi wa vijiji vya bonde na wa vyanzo vya mto huko juu washirikishwe katika vitalu na ufuatiliaji. Moto, kilimo cha kando ya mto na matumizi ya viuatilifu huamuliwa na wakulima, na uhifadhi unaowaona kuwa wapitanjia hauwezi kudumu.

(f) Kiasi cha maji kinachoachwa kipite korongoni kiheshimiwe hata wakati wa ukame, na mabomba ya manyunyu yatunzwe kama sehemu ya mtambo wa umeme wenyewe.

Sharti la mwisho ndilo gumu zaidi, kwa kuwa linagusa masilahi halali ya pande mbili. Megawati 180 si jambo dogo kwa taifa lililowahi kukaa gizani kwa mgawo. Hata hivyo, sehemu ya maji inayoachwa kwa ajili ya korongo ni ndogo ikilinganishwa na ile inayozungusha mitambo, na misitu ya vyanzo vya mto inayolinda mbuni ndiyo pia inayolinda bwawa dhidi ya matope. Masilahi ya umeme na ya korongo hukutana katika vyanzo hivyo, na ni hapo ambapo Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, shirika la umeme na halmashauri za wilaya husika zina sababu ya pamoja ya kutenda.

9.0 HITIMISHO

Kutoweka porini ni hali ya kati, na hali ya kati haina utulivu. Spishi iliyomo humo huelekea kurudi nyumbani, kama chura wa Kihansi alivyojaribiwa kurudishwa, au hubaki kumbukumbu hai isiyo na mahali, kama Franklinia. Kinachoamua njia ya kufuatwa ni mambo mawili: wingi wa nasaba zilizookolewa kabla ya kuporomoka, na kuendelea kuwapo kwa makazi yenyewe.

Mbuni wa Kihansi bado una yote mawili. Unachanua korongoni mwake, na maji, ingawa yamepungua, bado yanapita. Kwa hiyo wakati unaofaa wa kuanzisha kitalu ni sasa, na wakati unaofaa wa kulinda korongo ni uleule. Hatari iliyopo kwa watunga sera ni kukichukulia kitalu kuwa kibali: kwa kuwa miche iko salama mahali fulani, basi maji yaliyobaki yanaweza kuchukuliwa. Ushahidi uliojadiliwa katika makala hii unapinga hesabu hiyo. Mche wa kitaluni ni deni ambalo hulipwa siku unapopandwa tena katika udongo wa Kihansi, na deni hilo halilipiki pasipo korongo lenye maji.